Picha Hii Ni ya Wapi?



Kila wiki ukurasa huu unawaletea jambo la kufanya pamoja nyumbani, baada ya kuosha sahani na kabla ya watoto kulala. Wiki hii ni mchezo wa kutambua mahali kwa kutazama picha. Hauombi hata franka moja. Lakini kabla hatujaanza nina deni mbele yenu, na deni hilo ni kuomba msamaha.

Mwezi uliopita, Jumatano usiku, picha iliingia katika telefone yangu. Ilionyesha daraja limekatika katikati, maji ya rangi ya udongo yanapita kwa nguvu, magari yamesimama foleni, watu wameweka mikono kichwani. Chini yake iliandikwa kwamba daraja la Ruzizi limeanguka jioni ile, mtu asivuke, na kila anayesoma awatumie wengine. Sikuuliza kitu. Niliituma palepale katika kikundi chetu cha wamama, nikidhani ninawasaidia wale wanaovuka asubuhi kwenda Kamembe.

Mama mwenzetu mmoja, muuza tomati, alikuwa ameacha vikapu vinne ng'ambo, vimekwisha kulipwa. Tomati zenyewe zilikuwa zimeiva tayari. Alipoona picha yangu, Alhamisi akabaki nyumbani. Ijumaa asubuhi alipofika kule, daraja likiwa zima na watu wanapita kama siku zote, alikuta jua limemaliza kazi yake. Vikapu viwili vilikuwa vya kutupa, na vile viwili vingine aliviuza kwa bei ya kuona haya. Na Jumamosi ile alipaswa kutoa likelemba.

Hakunigombeza. Alisema tu: "Dada, mimi sikuamini picha. Nilikuamini wewe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Mchango wake wa Jumamosi niliulipa mimi, lakini mtaji wa tomati siwezi kuurudisha wote kwa siku moja. Basi acha nilipe na kwa njia hii nyingine: niwaambie jinsi tulivyogundua kwamba picha ile ilikuwa ya uongo.

Aliyegundua ni binti yangu wa miaka 11. Nyumbani tuna mchezo wa jioni: mmoja anaonyesha picha ya mahali fulani pa dunia, wengine wanatafuta ni wapi. Alhamisi jioni alichukua telefone yangu kutafuta picha za kuchezea, akaona lile daraja. Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Mama, mbona magari yote yamepanga mkono wa kushoto wa njia?"

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Hapa Congo, na kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi, magari hupita mkono wa kulia. Wanaopita mkono wa kushoto ni Uganda, Kenya, Tanzania, Zambia na nchi nyingine nyingi za mbali. Msururu mzima wa magari hauwezi kupanga kushoto kati ya Bukavu na Rwanda. Daraja lile lilikuwa la nchi nyingine kabisa. Nilimpigia simu mama wa tomati usiku uleule, lakini siku ilikuwa imekwisha kupotea.

Mtoto aliona kwa sekunde chache kitu ambacho mimi, mama mzima, sikukiona. Hana macho kunipita. Yeye amezoea kujiuliza swali moja ambalo mimi nilisahau kuliuliza: picha hii ni ya wapi?

NAMNA YA KUCHEZA

Tafuta picha za mahali. Kalenda ya zamani ya parokia, kitabu cha jiografia cha mtoto mkubwa, boksi la chai, ukurasa wa gazeti uliofungiwa sabuni, vyote vinafaa. Ukiwa na telefone, vizuri pia. Ficha maandishi yanayotaja jina la mahali.

Anayeongoza anashika picha na kufunika kwa kiganja kile kitu kikubwa cha katikati. Ndiyo, anakifunika: mnara, kanisa, mlima, sanamu, chochote kile. Wengine wanatazama kilichobaki pembeni na kujibu maswali matano:

Kwanza, udongo na mimea. Ni mchanga, majani, theluji, lami? Unaona ndizi, mnazi, au mti ambao haupo kwetu?

Pili, nguo za watu. Wamevaa makoti mazito au nguo nyepesi? Wamefunika kichwa au uso?

Tatu, nyumba. Mapaa ni ya bati, ya vigae, au ni bapa kama meza? Kuta ni za tofali, mbao, mawe au udongo?

Nne, maandishi. Herufi za maduka na vibao vya njiani ni zetu au ni za namna nyingine?

Tano, njia na kazi. Magari yanapita mkono gani? Watu wanabeba nini, na wanabeba vipi: kichwani, mgongoni, kwenye baiskeli?

Baada ya hapo kiganja kinaondoka, na kila mtu anataja mahali. Alama zinahesabiwa hivi: anayetaja jina sahihi anapata alama 1, na kwa kila sababu nzuri aliyoitoa anapata alama 2. Msibadilishe hesabu hiyo. Mkihesabu majina tu, yule anayetazama televisheni kwa jirani atashinda kila siku na wadogo watachoka kucheza. Mkihesabu sababu, hata koko ambaye hakuingia shule anaweza kuwapita wote. Mama yangu mzazi hajui kusoma, na kwetu ndiye anayeongoza kwa alama.

PICHA SITA ZA KUANZIA

Mama, soma maelezo polepole, ngoja watoto wajibu, halafu soma jibu.

Picha ya kwanza. Mnara wa chuma wenye miguu minne mipana, unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyopanda. Watoto watapiga kelele: "Paris!" Waambie wangoje. Mnara huu umepakwa rangi ya machungwa na nyeupe kwa zamu. Vibao vya maduka yaliyo chini yake vina herufi ambazo si zetu, kila moja imeundwa kwa vijistari vingi.

Jibu: ni mnara wa Tokyo, nchini Japani. Ulifunguliwa mwaka 1958, una urefu wa mita 333, na rangi zake ni za kuwaonya marubani wa ndege. Waliouchora walifuata mfano wa mnara wa Eiffel wa Paris, ambao ulimalizika mwaka 1889. Ule wa Paris una rangi ya kahawia kutoka chini hadi juu. Tena kuna mwingine unaofanana nao katika mji wa Las Vegas, Marekani, wenye nusu ya urefu wake. Umbo la kitu linaweza kuigwa; rangi na maandishi ya jirani ndiyo yanayosema ukweli.

Picha ya pili. Kanisa kubwa sana lenye kuba juu na msalaba, na mbele yake nguzo nyingi zimepangwa kama mikono miwili inayokumbatia uwanja. Mkristo yeyote atasema: "Roma, kwa Papa!" Sasa angalia uwanja. Katikati hakuna nguzo ndefu ya jiwe iliyochongoka. Angalia pembeni: hakuna mji uliosongamana, kuna nafasi pana, majani mabichi na miti ya nchi ya joto.

Jibu: ni basilika ya Bikira Maria Mama wa Amani, mjini Yamoussoukro, Côte d'Ivoire. Ilijengwa kwa amri ya rais Félix Houphouët-Boigny katika mji aliozaliwa, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliibariki mwaka 1990. Kutoka chini hadi ncha ya msalaba ina mita 158, kuipita basilika ya Mtakatifu Petro. Ile ya Roma ina nguzo ya jiwe katikati ya uwanja, nayo ililetwa kutoka Misri tangu zamani za Warumi. Kwa hiyo mkiona nguzo hiyo, semeni Roma. Msipoiona, msifanye haraka.

Picha ya tatu. Piramidi, lakini si moja wala tatu. Ni nyingi, zimepangwa juu ya kilima cha mchanga. Ni nyembamba, kuta zake zinapanda wima, na nyingi zimekatika ncha. Mbele ya kila moja kuna kijumba kidogo chenye mlango. Wengi watajibu: "Misri!"

Jibu: ni Meroe, nchini Sudan, kaskazini ya Khartoum, si mbali na mto Nile. Sudan ina piramidi zaidi ya 200, idadi inayopita ile ya Misri, ila ni ndogo. Ile kubwa ya Giza, Misri, ilijengwa ikiwa na mita 146 hivi. Hizi za Meroe hazifiki hata robo ya hiyo.

Hapa, wamama, tukae kidogo. Meroe ulikuwa mji wa wafalme wa Kushi, na baadhi ya waliotawala pale walikuwa wanawake. Malkia wa Kushi aliitwa Kandake. Wanaosoma Matendo ya Mitume, sura ya 8, wanamkumbuka yule mtunza hazina wa Kandake ambaye Filipo alimbatiza njiani. Basi, mlango ule mdogo unaouona katika picha unaweza kuwa mlango wa kaburi la mwanamke aliyeongoza nchi. Na zile ncha zilizokatika zina habari yake. Mwaka 1834 Mwitalia mmoja, Giuseppe Ferlini, alibomoa piramidi kadhaa akitafuta dhahabu. Katika ile ya malkia Amanishakheto alikuta vito vyake, akavichukua. Leo vito hivyo viko Ujerumani, katika miji ya Berlin na München. Binti zenu wakiuliza kama wanawake wa Afrika waliwahi kutawala, waonyesheni picha hiyo.

Picha ya nne. Jengo jeupe lenye kuba kama kitunguu, minara minne myembamba kwenye pembe zake, bustani mbele yenye mfereji wa maji ulionyooka, na nyuma yake mto. Wanawake katika picha wamejifunga vitambaa virefu vya rangi kali.

Jibu: ni Taj Mahal, katika mji wa Agra, India, kando ya mto Yamuna. Watoto wengi wanadhani ni nyumba ya mfalme. Ni kaburi. Mfalme Shah Jahan alilijenga kwa ajili ya mke wake, Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akizaa mtoto wao wa 14.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Mke wa mfalme tajiri, mwenye waganga na watumishi, aliyeweza kupewa kila kitu, damu ya uzazi ilimchukua kama inavyowachukua mama zetu vijijini. Katika mji uliokuwa ukiitwa Aurangabad, India hiyohiyo, liko kaburi jingine linalofanana na Taj Mahal, dogo zaidi, lenye marumaru chache zaidi. Watu huchanganya picha zake. Hilo ni la Dilras Banu Begum, mke wa Aurangzeb, ambaye alikuwa mwana wa Mumtaz. Naye alifariki mwaka 1657, muda mfupi baada ya kuzaa. Mama mkwe na mke wa mwana, wote wawili! Majengo yale ni mazuri, watu wanatoka dunia nzima kuyatazama. Lakini mama aliye hai nyumbani kwake anapita kuba lolote la marumaru. Ukiwa na mimba nenda ukapimwe mapema, na tuache nafasi kati ya mtoto na mtoto. Hiyo pia tunaweza kuizungumza na binti zetu wakubwa, tukiwa tumeshika picha.

Picha ya tano. Jengo kubwa la udongo, rangi yake ni ileile ya ardhi inayolizunguka. Kwenye kuta zake vijiti vingi vimechomoza nje kama miiba, na mbele yake kuna soko.

Jibu: ni msikiti mkuu wa Djenné, nchini Mali. Jengo linaloonekana leo lilijengwa mwaka 1907, mahali palipokuwa na msikiti wa zamani zaidi. Vile vijiti ni miti ya jamii ya mitende: ni pambo, na tena ni ngazi ya kupandia. Kwa nini watu wapande? Kwa sababu nyumba ya udongo inanyeshewa, inapasuka, inataka kupakwa upya. Kila mwaka mji mzima unakusanyika kuupaka msikiti udongo mpya. Wanaume wanapanda na kupaka, wanawake na wasichana wanabeba maji ya kukandia udongo. Bila maji yao hakuna udongo, na bila udongo hakuna msikiti. Waulize watoto: katika picha ya jengo hili, kazi ya wanawake iko wapi? Jibu ni kwamba iko ndani ya kila ukuta.

Picha ya sita. Hii huihitaji kalenda. Fungua sakoshi yako utoe noti ya franka 100. Upande mmoja kuna tembo. Geuza upande wa pili: unaona ukuta mkubwa wa sementi na maji. Funika maandishi, halafu uliza: hapa ni wapi?

Nyumbani kwangu walikaa kimya wote. Watoto waliotambua Paris, Roma na India walinyamaza mbele ya noti wanayotumwa nayo kununua chumvi. Mimi nami nilinyamaza.

Jibu: ni Inga, kwetu Congo, katika jimbo la Kongo Central, pale mto wetu unapoteremka kwa nguvu kabla ya kufika Matadi. Mtambo wa kwanza wa umeme, Inga 1, ulianza kazi mwaka 1972. Inga 2 ulifuata mwaka 1982. Kutoka pale waya mkubwa wa umeme unakwenda kilometa 1,700 hivi hadi Katanga, kwenye viwanda vya shaba, ukipita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vinawasha taa ya mafuta. Mtoto wangu mdogo aliuliza kwa nini waya usishuke kidogo. Hilo ni swali zuri. Tuwaachie waliulize wakiwa wakubwa, mbele ya watu wanaopaswa kulijibu.

Na baada ya Inga, endeleeni na picha za kwetu. Vikapu vikubwa vya wavuvi wa Wagenia, vimefungwa kwenye miti mirefu katikati ya maji yanayochemka: ni Kisangani. Mwanamume wa rangi ya dhahabu anayesukuma chukudu: ni Goma. Mlima mweusi wa takataka za shaba, na kando yake bomba refu la moshi: ni Lubumbashi. Mji unaoingiza vidole vitano vya nchi kavu ndani ya ziwa: huo msipoutambua, nitawajua kwamba si watu wa Bukavu. Ni vizuri mtoto ajue Tokyo, lakini aijue na nchi iliyo katika sakoshi ya mama yake.

NA PICHA ZA TELEFONE JE?

Sasa turudi kwenye daraja langu. Maswali matano ya mchezo ndiyo yaleyale ya kuuliza picha inapoingia usiku na maneno ya kutisha chini yake. Usitazame kwanza kitu kikubwa cha katikati, yaani moto, maji, maiti, daraja lililokatika. Hicho kimewekwa pale ili moyo uruke. Kifunike kwa kidole, utazame pembeni.

Magari yanapita mkono gani? Lakini jihadhari: usitazame volani. Kwetu yako magari mengi yaliyonunuliwa mbali, yenye volani upande wa kulia, na bado yanapita mkono wa kulia wa njia kama mengine. Tazama njia yenyewe.

Maandishi yanasomeka? Kama herufi zimegeuka kama katika kioo, picha imegeuzwa, na hapo hata kushoto kunaonekana kulia.

Watu wamevaa kama sisi? Mitumbwi ni ya ziwa letu? Nyuma ya nyumba kuna vilima, au nchi ni tambarare hadi mwisho wa macho? Bukavu bila kilima si Bukavu.

Siku hizi pia kuna mashine zinazotengeneza picha ya kitu ambacho hakikutokea popote. Hesabu vidole vya watu. Soma vibao vya nyuma: mara nyingine herufi zake zinafanana na maneno lakini hazisemi kitu. Na hata ukikuta vidole vitano na vibao vizuri, usifikiri kazi imekwisha. Picha inaweza kuwa ya kweli na ya hapa hapa, ila ni ya miaka mitano iliyopita.

Kwa hiyo jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: piga simu kwa mtu aliye mahali pale. Mimi ninawajua wamama wawili wanaokaa karibu kabisa na Ruzizi. Yuniti za dakika moja zingetosha. Nilizihurumia yuniti, na mwenzangu akalipa vikapu viwili vya tomati.

Sisemi mtu akae anatazama picha wakati maji yanaingia mlangoni. Ukisikia hatari, weka watoto wako salama kwanza. Hakuna atakayekucheka ukikuta ilikuwa bure. Lakini kukimbia na watoto wako ni jambo moja, na kubonyeza ili watu mia wakimbie ni jambo jingine. Kabla ya kubonyeza, uliza: ni ya wapi? Ni ya lini? Nani aliipiga? Ukikosa jibu la moja kati ya hayo, iache ife katika telefone yako. Kuuliza si ujinga.

Na kama umekwisha kuituma, fanya ninavyofanya leo. Rudi katika kikundi kilekile, mbele ya watu walewale, useme: nilikosea, picha ile si ya kwetu. Inaona haya mara moja tu. Kukaa kimya kunawaacha wengine waendelee kuituma kwa jina lako.

SWALI LA WIKI IJAYO

Picha ni hii: mwanamke mrefu wa shaba amesimama, ana taji lenye miale kichwani, mkono wa kulia ameinua mwenge, mkono wa kushoto ameshika kibao. Watoto watasema mara moja: "New York!" Lakini mama, soma polepole. Amesimama kwenye kisiwa chembamba katikati ya mto. Kuna daraja kandokando yake, magari yanapita mkono wa kulia, na nyuma, mbali kidogo, unaonekana mnara wa chuma wa rangi ya kahawia.

Yuko wapi mwanamke huyo? Leteni majibu Jumamosi katika mkutano. Jina peke yake halitoshi, nataka na sababu zake. Mama wa tomati atakuwepo, na tumekubaliana kwamba atakayehesabu alama ni yeye.

Mbakie na amani, ninyi na wote wa nyumbani.